Kamba ya Mgomba Mlangoni

Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikizungumza, na siku wakimbizi walipotuaga pale Heru Juu, mdomo huohuo uliifunga kwaya nzima kwa ahadi.

Walikuwa Warundi waliokimbia mauaji kwao mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walikaa nasi msimu mzima, wakilima na kusali pamoja nasi, mpaka walipopata ardhi upande wa Kibondo. Mmoja wao, mjane mwenye sauti nzito ya kuwashinda wanaume, alikuwa akisimama ubavuni mwangu kwenye kwaya, nami nilimpenda kama dada wa tumbo moja. Tulipoagana mlangoni pa kanisa nililia, na katikati ya kilio nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Dada, siku mtakayomaliza kujenga kanisa lenu, sisi ndio tutakaolifungua kwa wimbo!"

Akanishika mikono yote miwili. "Basi hatutaingia ndani mpaka mufike."

Mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni. "Binti, umemuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilidhani ataniambia nirudi nikayafute maneno yangu. Lakini wazee wetu walipobatizwa waliacha viapo vya zamani na hawakuweka kiapo kingine mahali pake. Kwao "ndiyo" ya mtu ilibaki ndiyo tupu, na Mungu ameisikia. "Umekwisha kusema," akaniambia. "Tutakwenda."

Misimu ikapita. Kisha mchuuzi wa chumvi ya Uvinza akapita kwetu na salamu: kanisa limeezekwa, ufunguzi ni Jumapili ijayo, wanatungoja. Jamani, furaha! Nilikuwa nachagua maharage, nikarusha ungo na maharage yake, kuku wakapata sikukuu. Juma lile hatukulala na njaa ya nyimbo. Tuliimba shambani, tukaimba kisimani, tukafua blauzi zetu nyeupe kwa buluu ya kufulia mpaka zikaumiza macho.

Usafiri tulipewa na dereva wa lori la serikali, Mwislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa na mbegu za mahindi za kupeleka Kibondo, na alipoambiwa habari yetu aliisogeza safari yake mpaka Jumapili. "Ahadi ni deni, mama zangu," akasema. "Pandeni."

Tukaondoka alfajiri ya Jumapili, juu ya magunia, tukiimba kila kijiji tulichopita. Tulipokwisha kuvuka mto Malagarasi lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Tukashuka, tukakata matawi, tukasukuma. Linatoka, linazama tena. Lilipotoka kweli jua lilikuwa limekwisha kupinda, mvua imeanza, na blauzi zetu zina rangi ya barabara.

Hapo wanaume wa sauti ya nne, ile nzito, wakaanza. "Ibada imekwisha. Sasa hivi wanakula. Turudi, watatuelewa."

Watatuelewa! Neno hilo lilinichemsha damu. Akilini nilimwona dada yangu kule Kibondo akiitazama barabara, kisha akiacha kuitazama.

"Aliyeahidi ni huyu," mwalimu akasema, akinielekezea kidole chenye tope. "Binti, unasemaje?"

"Twende."

"Na tukikuta wamekwisha kuingia na kutoka?"

"Tutaimbia mlango!"

Dereva akacheka, akawasha gari. Wale wa sauti ya nne wakapanda wakinung'unika, lakini walipanda.

Tulifika jioni, mvua ikipiga sawasawa. Nilisimama juu ya magunia, nikaona watu wengi nje. Nikadhani ndio wanatawanyika. Lori likasogea, nikaona hawatembei. Wamekaa. Wazee, akina mama na watoto wao, wamejifunika majani ya migomba, maji yanawachuruzika mpaka miguuni. Nyuma yao kanisa limesimama na paa lake la nyasi mpya, ndani bila shaka pakavu, na mlango wake wa mianzi umefungwa kwa kamba ya mgomba.

Niliruka kabla lori halijasimama. Dada yangu akainuka, kitenge kimemgandia mwilini, mtoto wa jirani mgongoni.

"Dada! Mbona mnalowa na nyumba ipo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Si mulisema mutakuja? Sasa tungeingia namna gani?"

Wale wanaume waliotaka turudi walikuwa nyuma yangu. Mmoja alivua kofia, mvua ikampiga upara. Dereva wetu alizima injini, akashuka, akasimama nasi.

Mwalimu akatoa sauti ya kuanzia. Mimi ndiye mwanzishaji, lakini nilikuwa nalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo uligoma.

"Imana ishimwe," dada yangu akasema, akamshukuru Mungu kwa Kirundi chake, kisha akanivuta mpaka mlangoni. "Fungua kwanza. Wimbo utakuja."

Kamba ilikuwa imelowa tangu asubuhi, na fundo limekaza kabisa. Vidole vyangu vikashindwa. Watoto wakaanza kucheka, nami nikacheka huku nalia. Nikainama, nikalifungua fundo kwa meno, kisha nikaimba.