Chumvi ya Ng'ombe kwenye Maji ya Samaki

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu, milima ya juu ya Kivu ya Kusini, samaki haingii nyumbani. Wazee walisema mtu akila samaki kisha akanywa maziwa, viwele vitakauka. Nimekaa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, miaka mingi bila ng'ombe hata mmoja, na bado samaki hakuingia kwangu.

Ng'ombe wangu walichukuliwa, na waliowachukua nawajua. Wa kwanza alikuwa shemasi wa kanisa letu. Wa pili alikuwa fundi aliyenishonea viatu vya harusi. Wa tatu alikuwa mtoto wa mkunga aliyemzalisha dada yangu, na ndiye aliyetia nyumba moto. Majina yao siandiki, lakini wakisikia haya wanajijua. Tangu siku zile nimekuwa na tabia moja: kitu kikiharibika, kabla sijakitengeneza, namtafuta kwanza aliyekiharibu.

Mke wangu ni mtu wa ziwani, upande wa Fizi. Kwao samaki ni kama maziwa kwetu. Alipoolewa, mama yangu alimweleza sheria ya nyumba, naye akaitikia. Samaki wake aliwala kwa majirani, miaka ishirini na zaidi, akinawa na majivu kabla ya kurudi. Mimi niliona ni heshima, sikuona kitu kingine.

Mwaka juzi utumbo wake ulijifunga. Tulimfikisha hospitali ya Mbarara karibu amekwisha. Wakampasua, wakamwacha na mfuko ubavuni, choo kinatokea humo. Munganga, daktari aliyempasua, alituambia mfuko ni wa muda tu, baadaye atautoa na kumfunga vizuri. Lakini kwanza apate mwili.

"Sasa hivi ni mifupa," alisema. "Nikimpasua hivi alivyo, hataamka. Mpeleke nyumbani, ale, kisha mrudi."

Shida yetu yote ilikuwa hiyo: ale. Alikuwa muimbaji wa koro ya wamama, sauti ya pili, na tangu apate ule mfuko hakukanyaga kanisani. Alisema hawezi kusimama katikati ya wenzake na harufu. Jumapili alikaa mlangoni pa nyumba yetu akisikiliza nyimbo kwa mbali, midomo inatembea bila sauti.

Kila asubuhi nilinunua maziwa kwa Wanyankole, wenyeji wa huku, nikayachemsha, nikampa. Alikunywa nusu. Baada ya wiki mbili aliweka kikombe chini.

"Papa, nikuambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Maziwa siyapendi. Toka siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ya nini?"

"Ya ndoa."

Nilimwangalia. Miaka yote ile nimemnywesha maziwa kama baraka.

"Sasa unataka nini?"

"Unajua mi nataka nini."

Nikaenda sokoni karibu na ziwa. Sikujua kuchagua samaki, na muuzaji aliona kwamba sijui. Alikuwa mwanaume mnene mwenye aproni ya plastiki. Mashavu ya samaki yalikuwa mekundu, nikadhani ndiyo uzima, kumbe alikuwa ameyapaka damu. Mke wangu alitapika siku mbili, na nyama kidogo aliyokuwa ameirudisha ikaondoka. Huyo muuzaji naye nilimtia kwenye hesabu yangu ya wakosaji. Nikaapa: samaki wa mke wangu nitawafuga mimi.

Tulipokwenda Mbarara kuchukua mifuko mingine, tulielekezwa kwa mama mmoja, Mnyankole, anayeuza vitoto vya samaki nyuma ya nyumba yake. Alinionyesha namna ya kufuga samaki na mboga pamoja. Maji machafu ya samaki yanapanda kwa pompi ndogo ya jua mpaka kwenye kokoto zilizopandwa mboga. Mboga zinakula ule uchafu, maji yanashuka safi. Nikachimba shimo uani, nikalitandika shitingi ya zamani, lile turubai la kambi, nikakata pipa vipande viwili, nikajaza kokoto, nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, kisha nikatia vitoto vya samaki. Chakula cha samaki nilinunua kwa mwenye duka aliyeniapia kwa Mungu kwamba ni kipya. Ndani ya gunia kulikuwa na ukungu, na samaki wengi walikufa. Mwenye duka naye nilimtia kwenye hesabu.

Nilirudi Mbarara na hasira yangu. Yule mama alinisikiliza akimenya matoke, kisha akasema kwa Kiswahili chao:

"Wewe mzee, wacha gunia. Hapana nunua. Wewe lima chakula ndani ya maji."

Alimaanisha ule utelezi wa kijani unaoota maji yakikaa juani. Yeye aliuita mwani. Nichimbe beseni pana, lisilo na kina, kwenye fasi ya jua kali. Nitie maji kutoka kwa samaki, yale yenye uchafu wao. Kisha nichukue magunia ya vitunguu, yale ya wavu, niyakaze kwenye fremu za matete, niyalaze humo. Baada ya siku kadhaa yanaota manyoya ya kijani. Fremu moja inashuka kwa samaki, wanaikwangua mpaka wavu uonekane, kisha inarudi juani kuota tena.

Hapo sikuhitaji kuelezwa mara mbili, maana yalikuwa malisho. Nikatengeneza fremu sita: mbili kwa samaki, nne zinapumzika juani, na hakuna hata moja niliyoiacha iliwe mpaka kwenye mzizi. Asubuhi nilipitisha kiganja juu ya wavu kama nilivyokuwa napima majani kule milimani. Mwani ukiwa mfupi, bado mtoto. Ukiwa mrefu unaning'inia, umeanza kuoza. Mzuri ni ule unaolala chini ya mkono kama manyoya ya ndama.

Mke wangu alikaa kwenye kigoda, kitenge begani, ananiangalia.

"Sasa uko unachunga samaki?"

"Ndiyo."

"Imebaki kuwapigia filimbi."

"Nyamaza, wanakula."

"Wewe! Batu batakucheka mpaka kambi ya Oruchinga."

Lakini alikuja kila siku. Ni yeye aliyenifundisha kwamba samaki akipanda juu na kufungua mdomo hasalimii mtu, pumzi imemkosa. Alinieleza kwamba kwao, kwenye miamba ya ziwani, maji ni meupe hata unaona samaki wadogo wanakwangua mawe kama wanawake wanakwangua sufuria. Alikuwa akikaa juu ya mwamba na dada zake, miguu majini, samaki wanawatekenya vidole. Niliuliza dada walikuwa wangapi. Wanne. Nimeishi na mtu huyu nusu ya umri wangu na sikujua kwamba dada walikuwa wanne. Aliniambia wawili walipoishia. Wawili wengine hajui walipo. Nilichukua maji nikamwosha miguu.

Samaki waliobaki walifika upana wa kiganja. Siku ya kurudi kwa munganga ilikuwa inakaribia, na mimi niliwataka wawe wakubwa haraka. Kwetu, ng'ombe akikonda unampa chumvi. Siku ya chumvi ni sikukuu, ng'ombe wanakimbia wenyewe, wanalamba mpaka ulimi unatoka ngozi, na baada ya wiki manyoya yanang'aa. Nikiwa Mbarara nilinunua bonge la chumvi ya Katwe, ile ya kijivu wanayowauzia wafugaji. Nikalivunja vipande viwili. Kimoja nilikizamisha kwenye beseni la malisho, kingine shimoni kwa samaki. Sikumwambia mke wangu, nikijua atacheka. Nilitaka aone tu samaki wananenepa.

Siku ya tatu majani ya lengalenga yalikauka pembeni kama yamechomwa na pasi. Siku ya tano ule ukijani kwenye wavu ukawa kahawia, ukabanduka, ukaelea. Samaki saba walielea tumbo juu.

Chumvi haikunijia kichwani hata kidogo. Kwangu chumvi ni dawa. Niliinua kichwa nikaangalia ng'ambo ya uzio, na hapo nikamwona jirani yangu ananyunyizia nyanya zake dawa.

Huyu jirani ni mkulima, anatoka upande wa chini wa milima yetu, upande wa wale walionichukulia ng'ombe. Tunasali kanisa moja, na kwa miaka yote nilimsalimia kwa kidevu. Sikungoja. Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikamwonyesha kwa kidole.

"Muuaji wa samaki wa mke wangu ni huyu. Amewatilia sumu ya nyanya. Yeye na walionichomea nyumba, damu yao ni ileile."

Watu waligeuka kumwangalia. Yeye alivua kofia.

"Papa, upepo wa kwako unavuma kuja kwangu," alisema. "Siyo wa kwangu kwenda kwako. Lakini kama ni mimi, Mungu ameona."

Nilirudi nyumbani nimeshiba maneno yangu. Mke wangu alikwishasikia. Alikuwa ameshika samaki mmoja aliyekufa, anamnusa.

"Hanuki dawa," alisema.

"Utajuaje?"

"Mimi ni mtoto wa samaki. Enda Mbarara, umuulize yule mama. Na umwambie yote uliyotia humu. Yote."

Kesho yake nilikwenda. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja: nimeweka nini kipya? Nikasema hakuna. Akarudia. Nikasema labda chumvi kidogo. Ngapi? Nikamwonyesha kwa mikono miwili.

Alikaa chini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa gomesi, lile gauni lake.

"Mzee! Samaki hapana ng'ombe! Ile chumvi ya Katwe kali sana, inaua chakula yote, inaua mboga ya dodo, inageuza maji. Wewe nataka kukamua samaki maziwa?"

Mimi sikucheka. Kichwani nilimwona jirani yangu na kofia yake mkononi.

Yule mama alinipa bidoni, dumu moja la maji ya kijani yenye mwani, yawe mbegu, akaniambia nimwage maji yote, nioshe wavu wote, nianze upya, na njiani niache kifuniko kimelegea ili mbegu ipumue. Nilifika jua linazama. Sikupita nyumbani. Nilisimama kwenye uzio wa jirani na bidoni mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwapa chumvi. Kama ng'ombe."

Aliliegemeza jembe lake kwenye uzio.

"Papa, mimi ulinitaja mbele ya wazee. Sasa enda ujitaje fasi ileile."

Jumapili iliyofuata nilisimama pale pale. Nimewataja watu wengi katika maisha yangu, na ulimi haujawahi kuwa mzito namna ile. Nilisema: aliyeua samaki ni mimi, na huyu ndugu nilimpakazia, na neno la damu nililosema ni uovu wangu. Mzee mmoja aliuliza niliwauaje. Nikaeleza ile chumvi. Kwanza wamama wa koro walijizuia, wakaficha uso kwenye vitenge, kisha mmoja akashindwa, na kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Jirani yangu naye alicheka. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni.

"Nimesikia kelele. Bamecheka?"

"Sana."

"Vizuri," alisema. "Dawa imeingia."

Jirani alikuja na bidoni zake kumi bila kuitwa. Siku mbili tulichota, tukamwaga, tukachota tena. Niseme ukweli: waliochoma nyumba yangu sijawasamehe, na sina hakika kama nitaweza. Ila yeye hakuwepo. Alikuwa na shamba lake tu, naye alikimbia kama mimi, kwa mguu, mpaka mpakani.

Mbegu ilishika. Wavu ulirudi kuwa kijani, mkono wangu ukaukuta laini, na samaki kumi na nane waliobaki wakaanza kukwangua tena, tik tik tik, ukitega sikio unawasikia. Mke wangu alihesabu wiki kwa vidole. Siku aliyosema wanatosha, nilimtoa mmoja, akaniponyoka mara tatu, na yeye akacheka akishika ubavu kwa uchungu. Nilikusanya kuni nje, karibu na uzio, kwa sababu samaki haingii nyumbani.

"Ndani," nikasema halafu. Nilibeba jiko mwenyewe.

Hakuuliza kama nimefikiri. Alimpika kwa nyanya za jirani na chumvi ya nyumbani. Harufu ilijaa chumba chote, ikaingia kwenye nguo na blanketi. Alikula polepole, kichwa kwanza, anafyonza kila mfupa, na mimi nilikaa mbele yake nikimwangalia. Nilifikiri: miaka ishirini nimemfukuza huyu mtu mezani pangu na nikaita heshima. Katika hesabu yangu ya wakosaji, mimi mwenyewe nilikuwa nimejiruka.

"Onja," alisema.

Nilijaribu. Nyama ilifika puani ikagoma. Mpaka leo sijala samaki. Yeye amekula kwa niaba yetu wote wawili, mmoja kila siku ya pili, mpaka mashavu yakarudi na kitenge kikaanza kumbana.

Tulikwenda Mbarara wawili tu. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akamwambia ashuke apande tena. Alisoma mara ya pili, akamwita munganga. Munganga alimshika mkono juu ya kiwiko, akabonyeza, akaangalia macho yake.

"Mama, umekula nini?"

"Samaki. Papa huyu anawachunga."

Munganga alinigeukia, nikaangalia sakafu. Akaandika kwenye karatasi, akasema Jumatatu wamlaze, Jumanne wamfunge.

"Na kuimba?" mke wangu akauliza. "Kidonda kikipona, nitaweza kuimba?"

"Miezi mitatu usinyanyue bidoni. Kuimba, imba."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje kungoja dawa. Kulikuwa na watu wengi. Kwetu mume na mke hawashikani mbele za watu, na kwao pia. Alinishika kidole kimoja, kile kidogo, akakificha chini ya kitenge chake, na hakukiachia mpaka walipotuita.