Tone Juu ya Kioo cha Elisabeth

Miaka kumi na tisa Mama Elisabeth wa Kibua alisoma somo katika shapeli yao, na ulimi wake haukuwahi kujikwaa. Ijumaa asubuhi mbuzi akakanyaga lineti zake, miwani ya kusomea, zikavunjika. Lineti zingine ziko Goma, na hakuna pikipiki ingezifikisha kabla ya Misa ya Jumapili. Jua halijapanda juu, jirani yake Bibiche, aliyelitamani somo hilo siku nyingi, akapita.

«Pole ya macho, dada. Basi siku ya Mungu miye njo nitasoma.»

«Mbuzi ilivunja lineti, haikuvunja kinywa. Rudi kwako.»

Lakini alipofungua Kitabu, herufi zilikuwa moshi mtupu. Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye majimbi, alie bila mtu kumwona. Mvua ilikuwa imepita. Juu ya jani tone moja lilikaa duara, na chini yake mishipa ya jani ilionekana minene kama kamba. Elisabeth akainama, akasahau kulia.

Akatoa kioo kwenye picha ya arusi yake, akakipaka nta ya nyuki ili maji yakae duara kama kwenye jani, akakipaka chote, maana hajui kufanya kazi nusu. Akatonesha maji. Tone likakimbia, likamwangukia pajani. Mara tano.

«We tone, uko na haraka ya wapi?»

Mume wake Symphorien, mvuna asali, alikuwa mlangoni. «Mama, umelifungia kila pahali. Liachie hata kitanda.»

Akakwangua nta katikati, upana wa punje ya hindi. Tone likaingia humo, likavimba, likatulia.

Akakiinua kioo kidogo juu ya ukurasa, na herufi ikapanda polepole kama samaki anayekuja juu kupumua. Halafu nyingine. Jumamosi kutwa alikwenda hivyo, neno kwa neno; tone likikauka, anatonesha lingine. Maneno aliyoyapita mbio miaka yote, sasa aliingia kila moja kama nyumba, akakaa, akatoka. Jioni somo lote lilikuwa ndani yake.

Siku ya Mungu alisimama mbele ya moshi ule ule wa herufi, bila kioo, akasoma taratibu kutoka moyoni. Katikati neno moja likamtoroka. Bibiche, benchi la kwanza, akaanza kuinuka.

Elisabeth akafumba macho, akangoja. Neno likapanda kutoka chini, duara, lenye mwanga. Akalitamka.

Bibiche akakaa, akajifanya anapanga kitenge.