Mwalimu Angeline na Jua la Saa Saba

Kila Jumamosi saa saba mchana, jua likiwa utosini, Mwalimu Angeline Obonyo alitoka kwenda kukimbia, na katika shule yetu hakuna aliyeelewa kwa nini. Yeye alifundisha darasa la sita, mimi la saba, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Mumewe Jacktone, fundi wa umeme, alimuuliza siku moja nikiwa kwao, "Watu wa Eldoret wanakimbia alfajiri. Wewe unatoka saa hii, kwani nani anakufukuza?" Angeline alifunga kamba za viatu, akatoka.

Sababu alinieleza mwenyewe baadaye sana.

Alizaliwa Ugenya, akaja Eldoret kufundisha, yeye na Jacktone wakapanga nyumba katika mtaa wa West Indies. Aliyemwingiza katika kukimbia ni Chebet wa Kapseret, ambaye alikuwa akileta maziwa mtaani kwa baiskeli. Chebet alikuwa amekimbia mashindano ya wilaya akiwa msichana. Alimfundisha Angeline kupumua, kutofungua mbio kwa pupa, na kutoka mapema kabla jua halijapanda. Wakawa wanakutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye barabara ya Kapseret, umande ukiwa bado kwenye nyasi.

Asubuhi ya tarehe thelathini Desemba 2007, watu wakingoja matokeo ya kura, walikutana kama kawaida. Kulikuwa na ukungu. Walipopinda kona wakakuta mawe yamepangwa barabarani na vijana kama kumi na watano wamesimama na rungu na mawe mikononi. Mmoja akamwambia Angeline atoe kitambulisho, waone kabila lake kwa jina. Alikuwa amekiacha nyumbani, kwa sababu nani hukimbia na kitambulisho?

"Mimi ni Mjaluo," akasema.

"Ongea Kijaluo tusikie."

Akaongea. Wakatazamana. Hapo hakuna aliyejua Kijaluo, kwa hiyo hawakuweza kusema kama anadanganya au la. Ndipo Chebet akaanza kuongea nao kwa Kikalenjin, maneno mengi, haraka haraka. Angeline hakuambulia hata moja. Vijana wakacheka. Mmoja akaangusha jiwe alilokuwa ameshika. Chebet akamgeukia bila kutabasamu.

"Wewe kimbia. Usiangalie nyuma."

Alikimbia hadi kwake. Chebet akabaki pale na wale vijana. Jioni matokeo yakatangazwa, na usiku nyumba zikachomwa upande wa pili wa mji. Angeline na watoto wake wakaenda Ugenya, wakarudi mwezi wa nne. Maziwa sasa yaliletwa na mtu mwingine. Chebet hakupiga simu, na Angeline pia hakupiga. Kila alipoinua simu alijiuliza: amshukuru kwa kumwokoa, au amuulize kwa nini wale vijana walicheka? Kama alikuwa akiwaomba, mbona walicheka? Na kama alikuwa akimsema vibaya, mbona walimwachilia?

Alipoanza kukimbia tena, alikimbia mchana. Mchana hakuna ukungu, unamwona mtu akiwa mbali. Alishika barabara ya Moiben, peke yake, miaka sita.

Jumamosi moja ya Februari 2014 alielekea Kapseret. Hata leo hawezi kusema nini kilimpeleka huko. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Desemba na wakulima walikuwa wakichoma mabua ya mahindi. Hakuwa na kofia wala maji. Eldoret ina upepo baridi unaokausha jasho, ukadhani hakuna joto, kumbe jua linakula mwili. Kichwa kikaanza kumgonga. Akahisi vipele vya baridi mikononi, akashangaa, baridi ya nini mchana? Badala ya kusimama akaongeza mwendo. Akaona moshi. Akajua wale vijana wanakuja.

Aliyemwokota ni Kipyego, mwendesha boda boda. Alimkuta anayumba katikati ya barabara, ngozi kavu na ya moto.

"Mama, kaa chini kidogo."

"Sina kitambulisho," Angeline akamwambia. "Kiko nyumbani. Nitakuletea."

"Mama, sijakuomba kitambulisho."

"Mimi ni Mjaluo."

Kipyego akazima pikipiki. Akamshika mkono, akampeleka kwenye boma la kwanza lenye kisima, na wenye boma wakamlaza chini ya mti. Mwanamke mmoja akamvua viatu, akalowesha kanga akamfunika nayo, akamwagia maji shingoni na makwapani huku mwingine akimpepea kwa sinia. Kipyego akataka kumnywesha kikombe kizima.

"Ngoja kwanza," yule aliyekuwa akimwagia maji akasema. "Akijijua ndio atakunywa, kidogo kidogo. Wewe tafuta gari."

Angeline aliijua sauti kabla ya uso. Alidhani bado ni joto linamdanganya.

"Chebet, uliwaambia nini?"

"Nani?"

"Wale vijana."

Chebet aliendelea kumwaga maji. "Sikumbuki, Mwalimu. Nakumbuka tu nilikuwa naogopa, na niliongea chochote kilichonijia. Mmoja alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Nadhani nilimwambia nitamsema kwa mamake."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilidhani wewe ndiye hutaki kuniona."

Gari lilimpeleka hospitali, akawekewa maji mshipani, akalala huko siku mbili. Daktari alimwambia kwamba mtu aliyepigwa na joto akianza kuchanganyikiwa, amebakisha kidogo sana afe. Abebe maji, avae kofia, akisikia kizunguzungu au baridi ya ajabu asimame hapo hapo. Na saa saba aiache.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Jumamosi ya kwanza aliamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa, akafika getini, akarudi ndani. Ya pili akafika barabara kubwa, Jacktone akimfuata nyuma amevaa koti la kulalia. Ya tatu alikimbia hadi kona ile ya mawe, na Chebet alikuwa amesimama ukingoni na baiskeli. Goti lilikuwa limemharibikia, hakimbii tena. Wakatembea pamoja hadi kwake, wakanywa chai.

Nilimuuliza Angeline kama anaamini habari ya mtoto wa shangazi.

"Siku nyingine naamini," alisema. "Halafu naenda kwake, ananikaribisha, na sijui kama nimekaa pale kama rafiki au kama mtu anayechunguza."

Kengele ikalia, akachukua chaki zake akaenda darasani.