Mama Mkwe wa Hesbon

Mama yangu, Wilkista, ni mkaidi. Nasema hivyo nikimpenda. Shamba lake liko Mabanga, ugonjwa wake ni sukari, na kanisani ndiye mwenyekiti wa kina mama. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama kazi yake utafanya wewe.

Mwaka huu mvua ya Machi ilikataa kabisa. Aprili ikaisha mbegu ya mahindi ikiwa bado kwenye pakiti. Kina mama wakaamua wafunge na kuomba, na huku wakiomba wachimbe mashimo ya miche kule juu ya chemchemi, maana miti iliyokuwa ikiilinda tuliikata wenyewe. Pasta alitangaza mara mbili kwamba wagonjwa wasifunge. Mama alisikia vizuri sana. Asubuhi akameza dawa yake ya sukari, hakula kitu, akashika jembe. Ati mwenyekiti atakulaje wengine wakiwa na njaa!

Siku hiyo mimi na bwanangu Hesbon tulikuwa tumetoka kwetu Matisi, Kitale, kuja kusaidia. Hesbon ni muuguzi. Lakini kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Tangu tuoane, Mama akimwona njiani anapita njia ingine. Kwa hivyo Hesbon alikuwa akichimba ng'ambo ile, amempa mgongo.

Jua lilipokuwa kali, Mama alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akatokwa na jasho jingi, akaanguka. Wenzake wakamzunguka wakiomba kwa sauti. Nikapiga mayowe, "Hesbon! Kuja!"

Alikimbia, kisha akasimama kando, mikono nyuma.

"Nabwile, sukari imeshuka. Mpake sukari ndani ya shavu, kidogo kidogo."

Kulikuwa na sukari ya chai ya kufungulia jioni. Nilijaribu, lakini ile niliyochota ikamwagika yote shingoni mwake.

"Mimi siwezi! Mshike wewe!"

"Huyu ni mama mkwe, bana."

"Heh! Na akikufa, utaenda kuheshimu jeneza?" Nilikuwa na hasira, na woga zaidi.

Mama mmoja akaguna kwamba huo ni mwiko. Nikamwambia anyamaze, tena vibaya.

Hesbon akapiga magoti. Akamgeuza Mama kwa ubavu, kichwa chake akakiweka kwenye paja lake, akachovya kidole kwenye sukari na kumpaka. "Mama, nisamehe," alikuwa akisema. "Mama, meza. Nisamehe, Mama." Wale wanawake waliendelea kuomba. Mimi pia niliomba, nikilia kama mtoto.

Pole pole macho yake yakafunguka. Akaangalia juu, akaona ni nani amemshika. Nikajua sasa ataruka. Kwa mkono mmoja alivuta kitambaa cha kichwa akajifunika uso. Ule mwingine ulishika shati la Hesbon, na hakuliachilia mpaka gari la kutupeleka hospitali Bungoma likafika.