Penalti ya Zone Tatu

Yaya yangu Nadège, yaani dada yangu mkubwa, anasoma kuhama. Chuo kizima, kozi nzima, ya kuhama. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Hapa mjini Baraka nani hajui kuhama? Nyanya yetu alihama na sufuria kichwani na kuku kwapani, na hakuna profesa aliyempa pointi hata moja.

Lakini yaya yuko mwaka wa mwisho wa licence, digrii yake ya kwanza. Anajifunza sheria za mipaka, historia ya wakimbizi, na namna ya kuchora watu kwenye ramani kama mishale. Kitabu chake kimoja kinasema kuna watu wanaosukumwa na watu wanaovutwa.

"Yaya, sisi tulisukumwa ao tulivutwa?"

"Sisi tulikimbia, Fanny. Enda oshe vyombo."

Ili amalize, alihitaji stage, mazoezi ya kazi. Shirika moja linalohudumia wakimbizi lilimpokea, chini ya mkubwa aitwaye Wilfried, mwanaume wa mashati yaliyonyooshwa kama mbao, anayesema Kifaransa hata na mbuzi. Kazi ilikuwa kuwahoji watu ishirini waliokimbilia Tanzania wakarudi, kuandika maisha yao, kisha kuyatetea mbele ya Wilfried na profesa. Wilfried akikataa, stage imekufa na mwaka umekufa nayo. Na papa yetu alikuwa ameshasema: mwaka ukifa, Nadège ataenda Misisi kukaanga beignets, maandazi yale, na shangazi yetu tantine Solange, kwa wachimba dhahabu. Tantine alishatuma na karai. Lilikaa mlangoni, jeusi, jipya, likimtazama yaya kila alipotoka.

Kilichomponza ni gilet, kizibao cha kazi. Shirika lilimpa moja, yenye mifuko mingi, naye akaivaa kwa majivuno. Sasa, kwetu gilet ya mifuko mingi ina maana moja tu: vitu vinakuja. Kabla hajamaliza kusalimia nyumba ya kwanza, barabarani palikuwa na mstari wa mawe. Kila jiwe ni mtu aliyeweka nafasi yake. Jiwe lenye kandambili juu lilikuwa la jirani yetu mama Constance. Kibidoni cha njano, kidumu cha maji, kilikuwa cha jirani mwingine, papa Eugène.

"Jambo, mama Constance. Ulikimbiaka mwaka gani?"

"Myaka yote, mwanangu. Andika yote."

"Na batoto ni ngapi?"

"Tisa."

"Mama Constance, si ni batatu?" nikauliza mimi.

"Fanny, we nyamaza. Bengine sita bako njiani, banatoka Lubondja."

Papa Eugène alikuwa amemleta mama mkwe wake kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Kikongwe huyo alikuwa na swali moja.

"Ni mafuta ao ni unga?"

"Ni masomo, koko," yaya akamjibu.

"Masomo inapikwa na nini?"

Wilfried alisoma karatasi zile akiwa amesimama. "Mademoiselle, hapa kila mtu ni mjane mwenye watoto tisa. Huyu Eugène naye ni mjane, na mke wake amekaa pembeni yake kwenye picha! Ijumaa unaniletea ukweli, ao usiniletee kitu."

Yaya alirudi nyumbani, akalitazama karai, karai likamtazama. Hakula.

Kesho yake aliacha gilet kwenye msumari, akaenda ufukweni ambako akina mama wanaanika ndagala. Nami nikamfuata, maana nilitaka kuona mtu anavyofeli chuo kikuu.

"Leo hauna gilet," mama Constance akasema bila kuinua kichwa. "Basi hakuna mafuta."

"Hakuna, mama. Nimekuja kusaidia."

Yaya akatandaza samaki. Kisha, kama mtu anayeongea na ndagala, akasema: "Papa anasemaka eti batu ba Zone Tano hamukujuaka mpira."

Ieleweke kwamba nusu ya mtaa wetu ilikulia Nyarugusu, kambi ya upande wa pili wa ziwa, na kambi ile iligawanywa kwa zone. Sisi tulikuwa Tatu. Mama Constance alikuwa Tano. Alisimama.

"Nani anasema? Papa yako? Ule kipa? Tulimufunga akiwa anakula muhogo! Na mulishinda juu ya penalti ya wizi!"

"Ulionaka na macho yako, mama?"

"Nilionaka! Nilikuwa na Lionel mugongoni, nilimuzalaka pale pale, mwaka wa kwanza tulipofika. Tulivuka mimi na bwana yangu, na batoto babili. Nilifika nabo, na mimba yangu. Yeye alibakia mu maji." Akageuza ndagala ambazo zilikuwa zimeshageuzwa. "Lakini ile penalti ilikuwa ya wizi."

"Mama, naweza kuandika?"

"Andika. Batoto ni batatu."

Wiki ile yaya alitembea mtaani akiwasha ugomvi kama moto wa kupikia. Aliweka kidogo cha Tatu hapa, kidogo cha Tano pale, na watu walimwaga maisha yao yote wakitafuta ushahidi wa penalti. Ijumaa ilipofika alikosa mtu mmoja tu wa kufikisha ishirini.

Kutetea kulikuwa wazi kwa watu, nikaketi nyuma na uniforme yangu ya shule. Yaya alisoma vizuri, hadi alipofika kwa mzee mmoja wa Zone Tatu anayeapa kwamba penalti ilikuwa ya haki.

"Uongo!" Wilfried akaruka. Kifaransa chote kilimtoka. "Ule muntu alianguka peke yake! Nilikuwa nyuma ya goli, na dada yangu, niliona!"

Profesa akavua miwani. "Monsieur Wilfried, si ulituambia ulikulia Bukavu?"

Wilfried aliangalia mlango. Yaya alishafungua kalamu yake ya bic.

"Chef, mulifika Nyarugusu mwaka gani?"

Nilidhani atatoka. Alikaa. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, juu ya dada yake aliyembeba njia nzima. Yaya aliandika kila neno. Mtu wa ishirini alikuwa amepatikana.

Mwisho Wilfried alivuta karatasi ya kusaini. "Ni vizuri. Lakini ile penalti, uitoshe, uifute kabisa."

Moyo wangu ulikimbia Misisi na kurudi.

"Siitoshi, chef. Nitaongeza tu kwamba we unaikataa."

Profesa akacheka hadi akakohoa. Wilfried akasaini kwa nguvu, bic ikatoboa karatasi.

Jioni papa alitaka kujua jambo moja tu: "Mambo ya muhogo, umeandika?"

"Iko, papa. Na jina yako."

 Papa aliinua karai, akaenda nalo mwenyewe kutafuta pikipiki ya kulirudisha kwa tantine Solange.