Muoki Ameaga

Mzee Muoki Nyamai alisikia habari za kifo chake akiwa anawatilia kuku maji, nyumbani kwake Njiru. Na habari zenyewe zilitangazwa vizuri, msinilaumu mimi: sauti ya heshima, maneno ya pole, na gitaa likilia chini kwa chini. Gitaa hilo alikuwa amelipiga yeye mwenyewe, ujanani mwake, kabla hajaota mvi hata moja.

Binti yake Wavinya ndiye aliyemfungulia podikasti ile kwenye simu. Ilikuwa ya msichana mmoja wa Huruma anayeitwa Eve, ambaye kazi yake ni kuwasaka wanamuziki wa zamani wa Eastlands na kusoma magazeti yaliyowaandika, yaliyowasifu na yaliyowachamba. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Tabasamu Jazz, bendi ya vijana wa Kaloleni. Mzee alijifanya hana habari, eti anaangalia kuku. Kuku gani! Sikio lote lilikuwa kwenye simu.

"Mpiga solo wao," Eve akasema, "alikuwa marehemu Muoki Nyamai. Mungu amlaze pema."

Mkebe wa maji ukamtoka mkononi. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

"Ati marehemu nani?"

"Baba, ngoja..."

"Marehemu nani, Wavinya? Rudisha nyuma!"

Wavinya akarudisha. Marehemu yuleyule. Mzee akajishika kifua, akajishika kichwa, akawa anajikagua kama mtu aliyeibiwa sokoni. Wavinya alitaka kucheka, lakini hapo hapo ikaingia sauti nyingine kwenye simu, sauti nzito ya mzee mwenzake, na Muoki akainua mkono kumnyamazisha. Angeitambua sauti hiyo hata usingizini. Ilikuwa ya Luseno, mwimbaji wa Tabasamu Jazz, ambaye hakuwa amesemezana naye tangu siku za bendi.

"Muoki alikuwa ndugu yangu," Luseno alisema. "Tuligombana, akaenda nikiwa bado nimemnunia. Mtu akifa umemnunia, unabaki na mdomo wako hivyo hivyo. Hakuna siku sijamkumbuka."

Mzee Muoki akakaa chini, matopeni, na suruali yake safi. Miaka yote hiyo alikuwa na hakika kwamba Luseno anamchukia. Kumbe jamaa alikuwa anamlilia! Wavinya akashtuka kuona machozi, maana babake si mtu wa machozi.

Ugomvi wenyewe, ukiambiwa, utauliza kama hawa walikuwa watu wazima. Zama hizo kulikuwa na mwandishi wa jarida la muziki, Andati, mtu mwenye kalamu ya pilipili. Aliandika kwamba Tabasamu Jazz ni gitaa la Muoki tu, na mwimbaji angefaa kuuza samaki, kwa vile koo la kupiga kelele sokoni tayari analo. Luseno alilisoma jarida mbele ya bendi nzima. Muoki akacheka. Hakulisema neno lile, wala hakumtuma Andati, ila alicheka, tena kicheko cha kushika mbavu. Luseno akaondoka chumbani, na tangu hapo kila mmoja akangoja mwenzake aanze kusema pole. Kiburi kitupu. Mwishowe Muoki akapata kazi ya kuendesha lori Mombasa, akafunga virago.

Wavinya akampigia Eve saa hiyo hiyo, kwa hasira.

"Mbona mnamuua babangu hewani?"

"Babako nani?"

"Muoki Nyamai! Yuko hapa, amekaa kwenye matope!"

Eve akapiga ukelele ambao kuku waliusikia. "Haiya! Woi, manze, siwezi amini! Lakini niko na jarida hapa, Andati mwenyewe ameandika. Kichwa kikubwa kabisa: Muoki Ameaga!"

Mzee akaipokonya simu. "Niliaga bendi, mtoto wewe! Niliaga! Nilienda nikawapa mkono, nikasema kwaherini, naenda Mombasa. Huko si kuaga?"

"Lakini mzee wangu, sisi ukisema mtu ameaga... si ameaga?"

Wavinya naye akainamisha kichwa. Kweli, nani Nairobi hii akiambiwa fulani ameaga huuliza ameaga akaenda wapi? Huuliza mazishi ni lini.

Eve akaomba radhi mara nyingi, hata mzee akamhurumia. Akaeleza kwamba Mzee Luseno mwenyewe ndiye aliyemthibitishia. Luseno alikuwa kwao Kakamega Muoki alipoaga bendi, na hata jarida lile lilipotoka. Mtu akamletea habari kwa mdomo tu, kwamba gazeti limesema Muoki ameaga. Aliporudi Kaloleni, chumba cha Muoki kilikuwa na mpangaji mwingine. Akaambiwa Wakamba huzikana kwao, mbali. Akaamini.

"Nimpigie nimwambie?" Eve akauliza.

"Usithubutu! Mtu anapigiwa simu aambiwe fulani amefufuka? Utamuua kweli kweli. Naenda mwenyewe."

Akaondoka na Wavinya kwenda Kaloleni. Alitaka kitu kimoja tu, na Wavinya alikijua: Luseno amwambie yale maneno ya simuni usoni, ana kwa ana, wamalize, kabla mmoja wao hajaaga kwa maana ile nyingine. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Mara mbili alimwuliza binti yake kama anaonekana mzima.

Luseno alikuwa bado anaishi katika nyumba ile ile ya kanseli, yaani ya baraza la jiji, Kaloleni, ya kuta za mawe. Walimkuta mlangoni, ameketi kwenye stuli, anachambua sukumawiki.

"Hodi hapa," Muoki akasema.

Luseno akainua uso. Sukumawiki ikamwanguka. Akainuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, mdomo wazi, kisu bado mkononi.

"Nyasaye wange! Mungu wangu!"

"Ni mimi, Luseno."

"Usinikaribie! Simama hapo hapo!" Akapaza sauti. "Muoki! Muoki, njoo umshike mkono huyu, nione kama unashikika!"

Mzee Muoki akachanganyikiwa. Akaunyosha mkono wake mwenyewe, akidhani ndiye anayeitwa. Lakini ndani ya nyumba kukaitika, na akatoka mwanamume mrefu, mtu mzima mwenye ndevu, paji la uso la Luseno kabisa. Akaushika mkono ule, akaufinya.

"Ni mtu, Baba. Mkono una joto."

"Amekuitaje?" Muoki akamwuliza.

"Muoki. Muoki Luseno. Nilipewa jina la rafiki yake aliyekufa."

Wavinya akaziba mdomo kwa viganja. Mzee Muoki aliangalia kutoka kwa mwana hadi kwa baba. Mluhya, katikati ya Kaloleni, anaitwa Muoki! Na ni kwa ajili yake.

"Kwetu hatumpi mtoto jina la mtu aliye hai," Luseno akasema. "Hatumpi! Nimefanya nini mimi? Nimemvisha mwanangu jina la mtu anayetembea!"

"Kwetu tunampa," Muoki akasema haraka. "Ukambani wajukuu hupewa jina la mzee akiwa hai, analisikia likiitwa. Hakuna ubaya, Luseno. Ni heshima."

"Hapa si kwenu!"

Kisha kitu kikabadilika usoni mwa Luseno. Woga ulikwisha, na kilichobaki hakikuwa furaha.

"Umekuwa wapi?"

"Mombasa. Malori. Halafu Njiru, tangu nistaafu."

"Njiru. Njiru hii?" Luseno akaitaja kana kwamba ni mlango wa jirani. "Nilipomzika mama ya huyu, ulikuwa Njiru?"

Muoki alikuwa amejiandaa kukumbatiwa. Njia nzima alikuwa amejiandaa.

"Nilisema ulikufa ndiyo maana hukuja," Luseno akaendelea, polepole. "Kila mwaka nilikutetea. Angekuwa hai, nikasema, angekuja. Yule maiti nilishamsamehe, Muoki, zamani sana. Maneno yale ya podikasti ni yake. Wewe uliye hai, uliyekaa Njiru ukifuga kuku, wewe sijakusamehe."

Hata habari ya kifo chake haikuwa imemchoma Mzee Muoki hivyo. Akamtazama binti yake, akaitazama njia waliyojia.

"Basi niende?" akauliza.

"Uende wapi tena?" Luseno akafoka, machozi yakimwagika. Akakivuta kile kistuli kwa mguu, akakisukuma mbele ya mwenzake. "Nikuzike mara ngapi? Keti hapo tugombane."

Muoki akaketi.