Bakuli la Kaburi la Mwanangu

Kwa watu wa mume wangu, maiti hakuachiwa udongo mtupu. Kaburi lilijengwa kwa mawe na chokaa, na upande wa kichwani, chokaa ikiwa bado mbichi, likapachikwa bakuli la Kichina, mdomo ukitazama nje. Yalikuwa mabakuli meupe, mengine yamechorwa maua ya buluu, mengine samaki, na mababu zao ndio walioyapata huko zamani. Nyumbani yalipangwa kwenye vidaka vya ukutani, yakikaa kungoja watu wafe. Hakuna aliyethubutu kulia wali humo.

Mimi ni mtu wa Magarini, mashambani, niliolewa Malindi mjini nikiwa sijui hata kuvaa buibui. Majina yao wote ninayo kichwani, wa kwanza mpaka wa mwisho, na siyataji, maana wajukuu zao bado hunipa shikamoo njiani.

Kifungua mimba wangu alikuwa mtoto wa kike. Surua ikamchukua. Matanga hayajaanza vizuri, nikamwendea mavyaa wangu, mama yake mume wangu, amekaa na wanawake wenziwe kwenye jamvi.

"Mama, naomba bakuli la mtoto."

"Mtoto gani?" akasema. "Yule aliyekuwa nusu mtu, nusu muhogo?"

Mmoja akaziba kinywa kwa leso, mabega yakimcheza. Wengine wakatazama chini.

"Haya, asije akasema nimemnyima. Lipo moja pale uani."

Lilikuwa limemeguka mdomo, na kuku walikuwa wakinywea maji. Nikawafukuza kuku. Nikalisugua kwa majivu mpaka samaki akatokea, samaki mmoja wa buluu, mkia umepinda. Kaburi lilipojengwa, fundi akalipachika. Mwanangu akawa na chake kama watu wengine wa ukoo ule, na mimi nikanyamaza miaka.

Ikaja miaka ya themanini, wazungu wamejaa mahotelini, na mmoja akawa anapita mitaani akiulizia vyombo vya kale. Mavyaa akauza la kwanza, akaona raha. Akauza la pili. Vidaka vikabaki na chupa za marashi. Kubwa kuliko yote, ambalo siku zote alisema ni la kaburi lake na asiliguse mtu, likaondoka kwa ajili ya harusi ya bintiye wa mwisho.

"Nitapata jengine," alisema, kana kwamba yanauzwa sokoni pamoja na mbatata.

Hakupata. Akapooza upande mmoja. Bintiye akaja mara moja, akalia sana mlangoni, akarudi kwa mumewe. Mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji, naye akinitemea ukiwa wa moto, akinitemea ukiwa wa baridi.

Asubuhi moja mume wangu amekaa kitandani kwa mamake, mama akamuuliza, "Langu liko wapi?"

Mume wangu akainama.

"Uliliuza, mama," nikasema.

"Sikukuuliza wewe." Akamshika mwanawe kwa ule mkono mzima. "Kalitoe la yule mtoto. Yeye atalijulia nini? Mimi nizikwe hivi hivi, kama mtumwa?"

Nikamfuata mume wangu uani, anatafuta tindo na nyundo.

"Yule ni mwanao," nikamwambia.

"Na huyu ni mamangu. Hebu nipishe."

Nikaenda nyuma yake mpaka makaburini. Chokaa ya matumbawe kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kushika. Hakuna asiyelijua hilo mjini kwetu. Lakini walikuwa wamezoea kuyatoa vidakani kama mtu atoaye kikombe kabatini, wakasahau kwamba la kaburini halikuwekwa, lilijengewa. Akagonga polepole, akizunguka ukingo, jasho linamtoka. Mara, ta! Mdomo wote ukamwangukia miguuni vipande vipande. Kitako kikabaki ndani ya chokaa na mkia wa samaki.

"Nitamwambia limetoka zima," akasema bila kunitazama. "Na wewe usiseme neno."

Tulipofika akamwambia, "Tumelipata, mama."

"Lete nilishike."

Mkono ukanyooshwa, vidole vinachezacheza hewani. Mume wangu akanikonyeza kuelekea jikoni, nilete bakuli lolote. Sikuondoka.

"Limevunjika, mama," nikasema. "Kitako kimebaki kwa mwanangu. Wewe huna."

Mume wangu akanipiga kofi mbele yake. Ule mkono wa mavyaa ukabaki umenyooka, na hakuna aliyeushika, si mwanawe, si mimi.

Alikufa kabla ya mvua za masika. Mafundi walipokuja kujenga, mume wangu alileta sahani ya dukani, ya maua mekundu, bei bado imebandikwa nyuma. Nduguze wakamwambia airudishe asiwatie aibu. Mimi ndiye niliyechota maji ya kukorogea chokaa, ndoo baada ya ndoo, nikasimama kando mpaka fundi akamaliza kulainisha upande wa kichwani kwa kiganja chake.

"Hapa haliwekwi bakuli?" akaniuliza.

"Haliwekwi," nikamwambia. "Lainisha tu."